Bonaventura Filipo Ntandu na Damu Iliyopimwa kwa Jina Lake

Aliyelala mbele yetu ni Bonaventura Filipo Ntandu, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu mzee Filipo na mama Febronia. Alizaliwa hapa Mtinko tarehe 12 Juni 1974, asubuhi, watu wakiwa shambani wanavuna uwele. Kaka yake Ignas, ambaye ndiye anayesoma maneno haya, alikuwa na miaka miwili. Inasemekana alipoletwa kumwona mtoto alimtazama sana, kisha akauliza atarudi kwao lini. Watu walicheka, lakini Ignas hakuwa anatania.

Bonaventura alianza darasa la kwanza mwaka 1983. Ignas alimtangulia kwa mwaka mmoja, akarudia la nne, wakajikuta dawati moja. Walimaliza pamoja mwaka 1989, na jina lililoitwa kwenda sekondari likawa moja tu. Mzee Filipo aliuza mbuzi wawili akamnunulia Bonaventura viatu vyeusi. Ignas akanunuliwa jembe. Siku moja kabla ya safari Ignas alivivaa vile viatu nyuma ya nyumba, vikambana, akavirudisha vimejaa matope. Bonaventura alivisafisha bila kuuliza nani kavivaa. Hilo ndilo lililomuudhi Ignas zaidi, kwamba hakuuliza.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1993. Alifanya kazi ya ukarani wa kupima mazao, na mwaka 2004 akafunga mashine ya kukamua alizeti, hii ambayo wengi wenu mmekamulia. Alimweka kaka yake kuwa msimamizi. Kuajiriwa na mdogo wako ni jambo la kumshukuru Mungu, na Ignas alimshukuru huku amefura. Wateja walikuwa wanapita mbele yake na magunia, wanamuuliza Bona yuko wapi.

Tarehe 6 Oktoba 2001 alifunga ndoa na Asnath, wakajaliwa watoto watatu, Deo, Belinda na Peniel. Ukweli usemwe mbele ya kaburi: Ignas ndiye aliyemwona Asnath kwanza, mnadani, na alikuwa bado anatafuta maneno ya kumwambia wakati mdogo wake alipokuja nyumbani na habari ya uchumba. Mke wa Ignas, Catherine, analijua hilo na alishasamehe, au ndivyo anavyosema.

Wote mnajua utaratibu wa mama Febronia. Wanawe wameoa, wana nyumba zao, lakini chakula cha jioni ni chungu kimoja, kwake. Akichinjwa kondoo, mkia ulikuwa wa Bonaventura. Mama alisema huyu hana mwili, mwacheni apate mafuta, na Ignas tayari ana kitambi. Kwa miaka zaidi ya ishirini Ignas alikula ugali wake kwa mlenda, akiangalia mafuta yakishuka kwenye vidole vya mdogo wake. Tunaambiwa mgawa nyama hana lawama, lakini Ignas alimlaumu mama kila kondoo alipochinjwa.

Agosti 2023 wakaja watu wa utafiti wa taifa. Walikuwa wanapima lehemu, yaani mafuta yaliyomo kwenye damu, kwa watu wazima, ili ijulikane nchi nzima ikoje. Hawakupima kila mtu. Walichukua kaya chache, na kila kaya mtu mmoja, anayechaguliwa na kifaa chao cha mkononi. Walipouliza kaya ni akina nani, mama akajibu kwamba wanaokula chungu chake ndio kaya yake. Majina yote yakaingizwa. Kifaa kikamchagua Bonaventura.

Ignas alikuwa amesimama pale pale. Kitu kisichomjua mtu, kisicho na baba wala mama, nacho kimemchagua Bona. Roho ilimuuma kuliko siku ya viatu.

Kupimwa kulikuwa kesho yake asubuhi, kwenye darasa la shule, mtu akiwa hajala kitu. Lakini mashine ya alizeti ikaharibika alfajiri, Bonaventura akaondoka kwenda Utemini, mjini Singida, kutafuta kipuri, akasema atapitia shuleni akirudi. Kikaratasi chake chenye namba alikiacha mezani. Ignas akakichukua. Muuguzi aliyepima hakuwa yule aliyeandikisha. Aliita jina la Bonaventura Filipo Ntandu, na Ignas akaitika.

Majibu yalikuwa mazuri, akaandikiwa kadi. Muuguzi alilitazama tumbo la Ignas, akatabasamu.

"Unaona, baba? Kitambi si kipimo. Wapo wembamba damu yao imejaa mafuta na hawajui. Kama una ndugu nyumbani mlete, hata kama hakuchaguliwa, tupo mpaka saa kumi. Kila mtu ana damu yake, hata wa tumbo moja."

Bonaventura alirudi saa saba. Ignas akamweleza alichofanya, akitegemea ugomvi, maana ugomvi angeupenda. Bonaventura alicheka tu. Alisema damu yao si ni moja, tumbo moja na chungu kimoja, basi yeye amepona foleni. Akaitia kadi kwenye pochi yake.

Saa kumi ilikuwa bado. Ignas alitakiwa kusema maneno ya muuguzi, na hakuyasema. Hakumtakia mdogo wake kifo, Mungu ni shahidi. Alitaka kitu kimoja tu ambacho yeye amekipata na Bonaventura hana, na alitaka kikae naye mpaka jioni. Kikakaa miaka miwili. Katika hesabu ya taifa Bonaventura aliingia kama mtu mzima mwenye lehemu ya kawaida.

Julai mwaka huu alianza kubanwa kifua akibeba magunia. Akasema ni kiungulia. Asnath alimsihi akapime, naye akawa anamwonyesha kadi. Tarehe 4 Novemba alianguka mashineni, akapelekwa hospitali mjini Singida. Damu yake ilikutwa na lehemu nyingi mno na mishipa ya moyo imeziba. Daktari alisema si mkia wa kondoo peke yake, wengine huzaliwa na hali hiyo, kwa hiyo mama asijilaumu. Alisema pia kwamba zipo dawa za kuishusha, na ingejulikana miaka miwili nyuma angekuwa na nafasi nzuri. Bonaventura akampa kadi. Daktari akauliza kama ile damu ilikuwa yake, akajibiwa ni ya kaka yake, ni ile ile. Daktari akawaeleza taratibu kwamba sivyo.

Daktari alipotoka, Bonaventura alimgeukia kaka yake.

"Kaka, ulijua?"

"Nilijua, Bona. Niliambiwa nikulete."

Bonaventura akaomba maji, akanywa, kisha akasema, "Wasifu wangu utausoma wewe. Na hilo uliweke." Hakusema amesamehe wala hajasamehe, na Ignas hakuthubutu kuuliza. Alifariki Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mmoja.

Leo Mtinko nzima imefunga kazi kwa ajili yake, na wengine wametoka Sepuka. Hata hapa, juu ya udongo huu, Ignas ameutazama umati na kuona wivu. Mumwombee.

Marehemu ameacha mama, mjane, na watoto watatu ambao Asnath ameshawapeleka kupimwa, na mmoja wao ameanza dawa. Ameacha pia kaka mmoja, mzima wa afya.

Apumzike kwa amani Bonaventura, ambaye hakuwahi kumwonea mtu wivu.