Bi Wahu na Mikono Isiyoinuka

Tarehe 30 Novemba, baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi ya usajili ya chuo chetu, Bi Rachael Wahu atarudisha ufunguo wa dirisha namba mbili. Alianza kama mpiga chapa na anaondoka akiwa karani mkuu. Wanafunzi wa siku hizi humwita Shosho, yaani bibi, naye huitika.

Wanafunzi wapya wengi hudhani chuo ni sekondari yenye majengo makubwa zaidi. Mwaka mmoja kundi zima lilikaa bwenini asubuhi nzima likingoja kengele. Bi Wahu aliwaendea na kuwaeleza kwamba hapa kengele ni ratiba, na kila mtu hujipigia yake.

Kosa la Kipkurui, mwanafunzi kutoka Longisa, lilikuwa zito zaidi. Alihudhuria kila mhadhara, akaketi mbele, akafanya majaribio yote. Hakujua kwamba kupokelewa chuoni ni jambo moja, na kusajili masomo ya kila muhula ni jingine, tena la mwanafunzi mwenyewe. Sekondari, mwalimu ndiye aliyemsajili. Siku ya mtihani jina lake halikuwepo. Akaamini amefukuzwa, akafunga sanduku, akaenda kwao.

Bi Wahu alimfuata kesho yake akiwa na viatu vya ofisi. Alimkuta akivuna mahindi. Mama mtu akataka kujua tangu lini chuo kikafukuza mtoto wa watu bila barua. Bi Wahu akamjibu kwamba hajafukuzwa. “Kwenye orodha yetu, hata kufika hajafika!” akasema. Walicheka, lakini mama alifuta machozi. Barua ya kumwomba mkuu wa kitivo mtihani maalumu iliandikwa papo hapo, juu ya gunia. Bi Wahu alirudi na barua hiyo, kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandishwa, na gambuti za mama, kwa maana viatu vilibaki matopeni. Ombi lilikubaliwa. Leo Kipkurui anafundisha hesabu karibu na Chepilat.

Tangu hapo, kila wiki ya nne ya muhula, Bi Wahu huingia ukumbini na orodha, akasoma majina yote kwa sauti. Asiyesikia lake huinua mkono na kumfuata dirishani kabla usajili haujafungwa. Wenye utani husema hata ng'ombe wa kwao hawahesabiwi hivyo. Mwaka wa kwanza iliinuka mikono kumi na saba. Hadi mwaka jana haikuwahi kukosekana kabisa.

Muhula huu alisoma majina mia mbili na kumi na manne. Akangoja. Akauliza tena, maana hakuamini. Hakuna mkono ulioinuka. Akakunja karatasi na kuketi, na sisi wenzake wa ofisini tulioshuhudia tulishusha pumzi pamoja naye.

Asante, Bi Wahu. Nenda ukapumzike nyumbani, katika shamba lako la chai. Sisi tutaendelea kusoma majina.