Devotha Gaudens, Asivushwe Maji Akatusahau

"Futa Same, Fredy. Andika Kilindoni."

"Bibi, mke huzikwa kwao mume. Wazee kule wameshafunga turubai, wanangoja."

"Waambie wafungue."

Ndivyo wasifu huu ulivyoanza kuandikwa Alhamisi, mwandishi akiwa Fredy, shemeji wa marehemu, na msimulizi Bibi Matilda, bibi wa marehemu mzaa baba, ambaye kalamu hajawahi kuishika na wala hajutii. Mwenye uamuzi wa mahali pa kuzika, Gerson, mume wa marehemu, tangu Jumanne hajatamka neno, na asubuhi alitoka bila kuaga.

Devotha alizaliwa Kilindoni, kisiwani Mafia, tarehe 3 Machi 1990, mtoto pekee wa Mwalimu Gaudens na Leonia, ambao wote wametangulia. Alilelewa na bibi yake. Hifadhi ya bahari ilipoanza alikuwa na miaka mitano, na tayari alikuwa na sumaku, aliyoichomoa kwenye redio ya babu yake huku inasoma taarifa ya habari. Aliifunga kamba, akaiburuta ufukweni Ndagoni, akarudi na ndoana, misumari na nanga ya Mreno. Fredy anaguna. Basi, kipande cha nanga. Lakini Ras Kisimani, pale mji wa kale ulipomezwa na maji, kamba ilikaza kuelekea baharini, na alipoivuta, mwishoni hapakuwa na kitu, hata sumaku yenyewe. Hilo Fredy aliandike bila kuguna.

Alisoma shule ya msingi hapahapa, sekondari bara, kisha fizikia chuo kikuu Dar es Salaam, akamaliza uzamili mwaka 2016. Alichokuwa akikichunguza alimweleza bibi yake jikoni, huku anakuna nazi. Punje za umeme hujizungusha kama pia ya watoto, na ndani ya sumaku nyingi hukubaliana kuelekea upande mmoja. Zikivuka kuingia kwenye shaba, isiyo na usumaku, haziusahau upande ule papo hapo. Husafiri nao umbali mdogo mno, mdogo kuliko unene wa unywele, zikigongwagongwa njiani, hadi kila moja ielekee kwake. Kazi yake ilikuwa kupima zinafika wapi kabla ya kusahau.

"Kama wafu," bibi alisema.

Devotha aliacha kukuna. "Bibi, hilo usiniambie tena."

Mwaka 2017 alirudi Mafia kufundisha sekondari. Gerson, nahodha wa boti ya doria ya hifadhi, alimletea dira akidai imeharibika. Marehemu aliona mara moja kwamba alikuwa akiiweka juu ya spika. Mgeni akaondoka, akarudi nayo tena na tena, nzima. Walifunga ndoa tarehe 15 Septemba 2018.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 14 Mei 2024, adhuhuri, uso ameuelekeza mlangoni.

Tangu hapo dira ile iliyoko mezani haionyeshi kaskazini. Inaonyesha kiti cha marehemu.

"Bibi, kiti kitakuwa na chuma."

"Kiti cha plastiki hicho, mwanangu."

Fredy akakisogeza hadi dirishani. Sindano ikakifuata. Akakirudisha polepole, akakifuta vumbi kwa mkono wa shati.

"Umeona? Bado anatuelekea sisi. Sasa mvushe maji, mpandishe gari mpaka Same, agongwegongwe na barabara njia nzima. Kufika atafika, sikatai. Lakini atakuwa hamjui mtu. Nikimwita nani ataitika?"

"Na sisi wa Same, Bibi? Hatukumpenda? Mama yangu akamlilie wapi?"

Bibi Matilda alijifunika kanga usoni. Sauti ikatokea humo ndani:

"Andika. Ameacha mume, bibi, mama mkwe aliyempenda, shemeji mmoja mbishi na wanafunzi wengi. Mungu amtulize. Alale salama katika udongo wa…"

"Wa wapi, Bibi? Niandike wapi?"

Gerson akaingia. Mchanga mweupe ulikuwa umemganda hadi magotini, na viganja vilikuwa vimechubuka.

"Fredy," alisema, "njoo unisaidie. Upande mmoja wa kaburi unaporomoka."