Seremala Aliyelaumu Sakafu

Marehemu baba yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Milango, alizaliwa tarehe 4 Machi 1944 katika nyumba za nyuma ya stesheni. Alisoma hadi darasa la saba, kisha akajifunza useremala kwa mjomba wake.

Mwaka 1968 alifungua karakana yake. Milango yake haikwami hata masika. Mwaka 1971 alimwoa mama yetu, aliyemletea kabati lisilofunga. Alilitengeneza kwa kujivuta makusudi, mama akawa haishi kuja kuliulizia, hadi posa ikapelekwa.

Kuanguka kulianza mwaka 2022: jikoni, uani, bafuni. Kila alipofikishwa zahanati alimwahi muuguzi, "Nimeteleza tu, mwanangu. Ile sakafu haiko sawa." Akashonwa, akapewa dawa ya maumivu, akarudishwa nyumbani. Nasi tukamwamini. Tukaondoa mazulia, tukapunguza kizingiti, tukamwaga sakafu mpya. Akaanguka juu ya sakafu mpya.

Binti yake mkubwa, ambaye kila kishindo kilimpasua moyo, alichoka.

"Baba, sakafu yako mbovu, yangu mbovu, ya msikitini mbovu?"

"Mafundi wa siku hizi, mama. Acha tu."

Alipoanguka tena, binti aliingia naye hadi kwa daktari wa zahanati na kumkatiza baba: "Hatelezi huyu. Anaanguka akiinuka." Daktari akampima presha amelala, kisha amesimama. "Mzee, presha yako inaanguka kabla yako," akasema, akampa rufaa ya hospitali kubwa. Huko walimpunguzia dawa za presha alizokuwa akimeza, wakamfundisha kukaa kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama. Alipofuata hayo hakuanguka. Tatizo ni kwamba aliyaona mambo ya wavivu.

Tarehe 9 Juni 2024 mgeni aligonga mlango kwa nguvu. Binti alipiga kelele kutoka jikoni, "Baba, kaa, naenda mimi!" Baba alishainuka ili amkaripie anayeuumiza mlango wake. Alianguka, akavunjika nyonga, akafariki hospitalini tarehe 21.

Wenye wazee, tunawaomba: mzee akianguka mara ya pili, msimwachie ajieleze peke yake. Ingieni naye, mseme mlichokiona, hata akiwakasirikia.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa na dada yake mmoja. Mungu amlaze pema, na safari hii akubali kulala.