Barua ya Hester Iliyonitoa Jeshini

Sogeeni hapa, Alvin na Edna, wanangu, sauti yangu haifiki mbali leo.

Mimi Jabez Ormerod nilijiandikisha kwa hiari yangu mwaka kumi na nne, vita vilipoanza, nikaiacha mashine yangu ya kufumia kiwandani. Vita vikaisha Novemba ya mwaka kumi na nane, lakini Februari bado nilikuwa Ufaransa nikilisha nyumbu, kwani walioruhusiwa kwanza kurudi nyumbani ni wale wenye barua ya mwajiri, nasi tuliotangulia kwenda nafasi zetu zilishajazwa. Kutangulia si kufika! Seth, mdogo wangu, aliyechukuliwa jeshini miezi minne tu kabla ya amani, alirudi kabla ya Krismasi, akapewa mashine ileile yangu.

Mama yenu Hester, wakati huo mchumba wangu, alikuwa akiendesha duka la mikate la babake. Akaandika barua. Kapteni akaniita.

"Ormerod, huyu mwajiri wako anasema ana kazi asiyoiweza mwanamume mwingine. Kazi gani hiyo?"

"Kumuoa, bwana."

Alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akagonga muhuri. Wenzangu nao wakawaandikia wachumba wao watume barua kama ile, na baada ya wiki mbili kapteni akawa anafoka, "Kwani mkoa mzima wa Lancashire unaoka mikate?" Lakini aliwaachia wote, Mungu amrehemu.

Mimi nilirudi nikicheka, ila Seth nilimnunia miaka kumi na mmoja. Nilimwita mwizi mbele ya watu, na kumbe mshahara wa mashine ile ndio uliomlisha mama yetu miezi ile nilipokuwa bado Ufaransa. Siku ya kumzika mama ndipo nilipoambiwa. Nilimwomba radhi, akanijibu, "Kaka, umechelewa, lakini ingia, chai ipo." Basi jeneza langu alishike Seth mbele, na mtu asimwambie kwamba amezeeka.

Nyumba ni ya Edna, aliyeniuguza. Duka na tanuri ni vyako, Alvin, wala usimfukuze mfanyakazi kwa sababu alikwenda akachelewa kurudi. Msinuniane, wanangu, kununa ni kazi isiyo na likizo.

Mungu awape... ngoja, nipumue. Awape mikono yenye nguvu, na nyumba zenye kelele za watoto. Msilie wote kwa pamoja. Mmoja... mmoja alie, mwingine awakaribishe wageni. Nimewabariki. Haya... mnaweza kuniruhusu.