Siku Cherehani Iliposimama

Ndugu, jamaa, majirani na ninyi nyote mliokuja kutushika mkono, namshukuru Mungu aliyetukutanisha, na naomba mnivumilie, kwa maana mimi ni fundi wa kushona, sikuzoea kusoma mbele ya watu, lakini huyu tunayemzika leo ni dada yangu, na yeye mwenyewe aliagiza nisome mimi.

Dada yetu alizaliwa tarehe 3 Aprili 1966, mtoto wa kwanza kati ya watatu wa marehemu baba yetu, aliyeniachia ufundi huu, na mama yetu, ambaye tunaye hapa mbele. Mama anasema dada alianza kuongea kabla ya kutembea, na kutembea kwenyewe alichelewa, kwa sababu watu walimfuata alipokaa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1973 hadi 1979, akamaliza sekondari 1983, akachukua kozi ya uchapaji, na tarehe 4 Machi 1985 akaajiriwa karani wa mapokezi katika kiwanda cha rangi, ambako alikaa karibu miaka kumi na minane nyuma ya dirisha dogo la kioo, akiandika majina ya wageni na kuwadodosa habari zao, hata wengine wakasahau walikuja kumwona nani.

Tarehe 15 Desemba 1990 alifunga ndoa na shemeji yangu, mwalimu wa hesabu, mtu wa maneno machache, na Mungu akawajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa 1992, ambaye sasa ni mkunga, na kijana aliyezaliwa 1995, dereva wa lori.

Tarehe 31 Januari 2003 aliacha kazi ili awe mwandishi wa kujitegemea, yaani mtu asiyeajiriwa na gazeti lolote, ambaye humwandikia mhariri barua fupi ya kumweleza wazo lake, mhariri akilipenda anamwambia andika, asipolipenda anarudi kutafuta jingine. Shemeji alikubali kwa sharti moja, wakapeana mkono mezani mbele yangu, kwamba ajaribu mwaka mmoja, na asipopatikana mhariri wa kusema ndiyo, arudi kwenye dirisha lake la kioo, ambako walikuwa wameahidi kumpokea.

Kabla ya kutuma wazo lolote alipita kwanza kwenye kibanda changu, akasimama mlangoni na kunieleza huku nakanyaga cherehani, na alinikataza kutoa maoni, akisema, "Wewe ni mdogo wangu, utanisifu tu, lakini miguu yako haijui kusema uongo." Nikiendelea kukanyaga, alikunja karatasi yake akaondoka, cherehani ikisimama, alikimbia kwenda kutuma.

Mwaka ule cherehani ilisimama mara tisa, na mara tisa wahariri wakajibu, "Wazo zuri, lakini si kwa sasa," maneno ambayo watoto waliyadaka, wakiitwa kuoga wanajibu, "Wazo zuri, mama, lakini si kwa sasa," na shemeji, asiyecheka ovyo, ilimbidi atoke nje akachekee huko.

Jumanne tarehe 13 Januari 2004, zikiwa zimebaki siku kumi na nane, alikuja na wazo la wanawake wanaofua mashuka ya hospitali, wasiowaona wagonjwa kamwe, lakini kwa kukunjua shuka tu wanajua wodi gani leo kuna furaha na wodi gani kuna msiba. Alieleza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekwisha kukata tamaa, nami, Mungu anisamehe, sikuwa namsikiliza, nilikuwa na sare za shule thelathini za kumaliza, na katikati ya maneno yake uzi ukakatika, cherehani ikasimama. Nilipoinua kichwa nimwambie ni uzi tu, dada alikuwa ameshatoka mbio, kandambili yake moja imebaki mlangoni.

Tarehe 22 mhariri wa gazeti la kila wiki, mama yule mnayemwona leo amekaa pale karibu na dirisha, alijibu ndiyo, na dada akacheza barabarani na barua mkononi, na kuanzia hapo aliandika kwa miaka ishirini na moja, makala zaidi ya mia tatu, wala hakuuona tena upande wa ndani wa kile kioo. Nami nikanyamaza.

Mwezi Machi mwaka huu, 2025, aligundulika kuwa na ugonjwa wa ini, akalazwa mara tatu, na Jumapili tarehe 19 Oktoba, nikiwa nimekaa kando ya kitanda chake, nilishindwa kuvumilia, nikamweleza habari ya uzi. Akasema, "Kwa hiyo nimelishwa na uzi mbovu miaka yote hii?" akacheka hadi muuguzi akaja kuona kuna nini. Nikamwambia, "Dada, mimi naamini ni Mungu aliyeukata," naye akajibu, "Mungu hukata, wewe hununua uzi hafifu, mmesaidiana." Kisha akaomba simu yake, akamwandikia mhariri yule wazo lake la mwisho, habari ya fundi na uzi, na jibu lilikuja siku hiyohiyo, ndiyo.

Nguvu za kuiandika hakuzipata. Aliniambia, "Basi utaiandika wewe, uisome mbele ya watu, miguu ikiwa imetulia," na Alhamisi tarehe 6 Novemba, saa nne asubuhi, Mungu alimchukua, watoto wake wakiwa wamemshika mikono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wafuaji wa mashuka waliokuja wodini kumwona mtu aliyewaandika, majirani waliopika na kufagia tangu Alhamisi, waandishi wenzake, na wahariri wote, waliomkubali na waliomkataa, ambao naona leo wamekaa benchi moja.

Dada, nimesoma kama ulivyoagiza. Tangu Alhamisi cherehani imesimama, na safari hii uzi haukukatika. Mungu akupokee, upumzike kwa amani.