Uzi Mwekundu wa Mama Faili

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wa hospitali mliokuja na sare kwa sababu mnarudi zamu: tunayemsindikiza leo alikuwa na jina zuri alilopewa na wazazi wake, lakini tukilitaja hapa nusu yenu mtaulizana ni msiba wa nani. Basi tumwite kama alivyoitwa kwa miaka arobaini na ushei, Mama Faili.

Mama Faili alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, kitinda mimba katika watoto wanne wa mama mshona nguo na baba mkulima wa mboga. Aliyemlea mgongoni ni dada yake mkubwa, na walipendana mpaka wenzao wakaona wivu. Tangu mdogo alikuwa mtu wa kupanga vitu. Vifungo vya mama yake alivitenga kwenye vikopo, kwa rangi na kwa ukubwa, na ole wako uvichanganye.

Alianza shule ya msingi mwaka 1963 na kumaliza sekondari mwaka 1974. Hesabu zilimpiga chenga, tusidanganyane, ila mwandiko wake ulinyooka hata walimu walimpa rejista awaandikie. Mwaka 1976 alihitimu chuo cha ukarani, na tarehe 2 Mei 1977 aliajiriwa hospitalini, masjala, yaani chumba cha mafaili ya wagonjwa kule mwisho wa korido: dirisha moja, rafu kumi na nne, vumbi la kutosha. Daktari akija juu kwamba faili limepotea, yeye alijibu bila kuinua kichwa, "Liko mezani kwako, chini ya gazeti." Na kweli lilikuwa huko.

Mwaka 1981 rafu ya tisa ilikatika, akaitwa fundi seremala. Kazi ya siku moja fundi huyo aliifanya wiki tatu. Mganga mkuu alipouliza kulikoni, fundi alisema mbao zinahitaji uangalizi. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba mwaka huohuo, na mzee wetu huyu, aliyekaa hapa mbele, mpaka leo anashikilia kwamba mbao zilihitaji uangalizi.

Sasa tufike pagumu. Jumamosi tarehe 20 Septemba 1986, dada yake mkubwa alilazwa akiwa na homa kali, akahamishiwa hospitali ya rufaa. Faili lake lilikuwa na maneno, ukurasa wa ndani, kwamba mwili wake unaikataa penisilini. Barua ya rufaa iliandikwa mbiombio na haikusema hivyo. Kanuni ilikuwa faili halitoki masjala, na Mama Faili alikuwa ameshafunga mlango saa saba mchana na kwenda zake nyumbani, kama kila Jumamosi, bila habari yoyote. Kule rufaa walipiga simu kuuliza. Simu ikaita ndani ya chumba kilichofungwa. Jumapili dada alichomwa sindano ya penisilini, na hakumaliza saa moja. Aliacha binti wa miaka mitatu. Mama Faili alimchukua binti huyo siku ya maziko, akamlea pamoja na wanawe wawili, na hakuna aliyewahi kumwona akiwabagua.

Alirudi kazini na bunda la uzi mwekundu kutoka kwenye sanduku la mama yake. Kila faili la mgonjwa anayedhurika na dawa fulani, alilifunga uzi kwa nje. Manesi walicheka mwanzoni, wakasema Mama Faili anafunga zawadi. Baadaye hakuna aliyethubutu kuchoma sindano bila kuuliza, "Lina uzi?" Mwaka 1990 alifunga na la kwake mwenyewe, baada ya vidonge vya penisilini kumvimbisha uso hadi mumewe akampita mlangoni bila kumtambua.

Mwaka 2012 zikaja kompyuta. Amri ilitoka kwamba mafaili yote yaingizwe kwenye mfumo, makaratasi yakapumzishwe ghalani. Mama Faili aliuweka ufunguo wa masjala kifuani na kusema hautoki. Siku tisa. Akaandikiwa barua ya onyo, akaipangia faili. Siku ya kumi fundi wa kompyuta, baba mzima mwenye kipara na subira, alivuta kiti akakaa naye.

"Mama, tatizo ni nini hasa?"

"Uzi wangu umeuweka wapi?"

Fundi akamwonyesha. Dawa zinazomdhuru mgonjwa zilikuwa na nafasi yao, ukurasa wa nne.

"Ukurasa wa nne," alisema Mama Faili. "Mtu anahema pale kitandani, nani atafika ukurasa wa nne? Mimi dada yangu alikufa kwa maneno yaliyokuwa ukurasa wa ndani."

Fundi akamuuliza yeye angetaka iwe vipi. Akaambiwa: juu kabisa, nyekundu, na isiondoke mpaka mtu akiri kwamba ameisoma. "Na je, mgonjwa akihamishwa, faili linakwenda naye?"

"Litafika kabla ya gari, Mama."

"Nitaamini nikiona."

Mfumo ulirekebishwa kwa wiki mbili, na ufunguo ukatoka kifuani. Nyuzi alizifungua mwenyewe, moja moja, akiandika kila onyo kwa vidole viwili, miwani puani. Zilikuwa 1,612. Hakumwachia mtu hata moja, na nyuzi zenyewe alizihifadhi kwenye kopo la biskuti. Alistaafu tarehe 14 Machi 2016.

Novemba 2021 figo zilimwandama. Asubuhi moja alizidiwa, homa ikampanda hata akawa anaweweseka, na hospitali yake ya zamani ikampeleka rufaa, ileile. Binti yake wa kulea alipanda naye gari la wagonjwa. Alipofika, kwa hofu, kichwa kilikuwa kitupu, hakukumbuka hata mwaka wa kuzaliwa wa mama. Nesi alikuja na trei, sindano tayari, akageukia kompyuta ili aandike. Akasimama.

"Dada, hapa kuna mstari mwekundu. Huyu mama hapewi penisilini?"

Binti aliketi chini sakafuni akalia. Ilikuwa sindano ileile. Nesi aliirudisha, daktari akabadilisha dawa, na siku ya tatu homa ikashuka. Mama Faili alipofumbua macho na kusimuliwa, hakusema pole wala asante. Aliuliza, "Ulikuwa ukurasa wa ngapi?"

"Wa kwanza, Mama. Juu kabisa."

"Vizuri," akasema, akageukia ukutani akalala.

Tulipewa miaka mingine mitatu na miezi naye, na aliitumia kutugombeza ipasavyo. Figo zilishindwa kabisa mwaka huu, na Jumanne tarehe 8 Aprili 2025, saa nne asubuhi, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini na tisa, mkono wake ukiwa mkononi mwa fundi wake wa mbao.

Ameacha mume, wana wawili wa kuzaa, wakwe wawili, wajukuu watano, na binti mmoja wa kulea, ambaye ndiye amewasomea haya.

Mtaona kurasa za ratiba mliyoishika zimefungwa kwa uzi mwekundu. Nyuzi hizo zimetoka kwenye kopo la biskuti. Kila mmoja ulikuwa wa mtu, na yamkini baadhi yenu mmeshika wa kwenu. Msiutupe.

Mama, umefanya kazi. Lala sasa kwa amani.