Scolastika Mbuke, Aliyechanganya Mtama wa Nyumba Mbili

Ndugu wa Kishapu, ndugu wa Geita, majirani na wageni: tunayemzika leo ni Scolastika Mbuke binti Mahona, mama yetu, Mama Masele.

Alizaliwa Kishapu mwaka 1901, majira ya palizi. Siku yenyewe hakuna aliyeiandika, na yeye hakutaka abandikiwe ya uongo. Padre alipomwuliza tarehe alimjibu, "Andika kwamba nipo."

Shuleni hakukanyaga. Mafundisho ya dini aliyapata ukubwani, akabatizwa Pasaka ya mwaka 1951.

Kazi yake ilikuwa jembe: mtama, karanga, baadaye pamba. Shamba lake halikuwa na magugu, na mwenye magugu aliambiwa wazi.

Aliolewa na marehemu Ngassa mwaka 1919, kwa ng'ombe, wakajaliwa watoto wanne. Mwaka 1932 Ngassa akamwoa Mageni, naye akazaa watatu. Kwa desturi yetu kila mke ana nyumba yake, shamba lake na kihenge chake cha nafaka, na mtama wa nyumba moja hauchanganywi na wa nyingine. Wawili hao waligombana kama wake wenza wowote, hasa habari za kuku.

Ngassa alifariki Juni 1944. Matanga yalipoisha, wazee wakapanga siku ya kuigawa kaya: Mageni na watoto wake waende kwa Nkwabi, mdogo wa marehemu, awarithi; Mbuke abaki na mwanawe mkubwa. Mageni hakutaka, na watoto hawakutaka kuachana. Asubuhi hiyo, kabla wazee hawajafika, Mbuke na Mageni walikwisha kuumimina mtama wote katika kihenge kimoja.

Nkwabi akachungulia. "Mama Masele, wa Mageni ni upi humu?"

"Chagua, shemeji. Punje hizo."

"Umeharibu desturi."

"Nimejaza kihenge. Watoto wa Ngassa watakula humu. Ukiweza kuutenga huu, watenge na wao."

Mzee mmoja akaangua kicheko, na kikao kikaishia hapo. Nkwabi alinuna miaka.

Mwaka 1949 kaya nzima ilihamia Geita kufuata ardhi na malisho. Mwaka 1954 Nkwabi naye akaja na jamaa zake. Mbuke akamwonyesha uwanja jirani. "Jenga, shemeji. Ila hapa jioni wanaume wote wanakula kwenye moto mmoja, na chakula kinatoka nyumba zote. Kununa hakuna."

Alianza kuugua kifua Mei mwaka huu wa 1958. Zahanati walimpa dawa, akapata nafuu, akarudi kuchuma pamba ingawa alikatazwa. Septemba akalala kabisa. Siku za mwisho alimwita Nkwabi.

"Nikifa, utawagawa hawa?"

"Mama Masele, nitawatambuaje sasa? Wote wana ubishi wako."

Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. Alifariki nyumbani kwake Jumanne, tarehe 14 Oktoba, Mageni akiwa ameketi kitandani kwake.

Ameacha mke mwenzake Mageni, shemeji yake Nkwabi, wajukuu wengi, na watoto saba: Masele, Januari, Euphrasia, Ignas, Athanas, Kabula na Stanslaus. Wametajwa kwa umri. Anayetaka kujua yupi katoka tumbo lipi asisumbuke kuuliza msibani hapa, hapati wa kumjibu.

Mungu ampe kupumzika, ingawa hakuzoea.